Kisu cha Kwanza na Miaka Inayofuata: Uvimbe Adimu wa Utando wa Mapafu

Mhadhara kwa wananchi na watumishi wa afya wa Mbinga na Nyasa

 

Nimekuja kuzungumzia ugonjwa ambao wengi wenu hamtauona maishani. Mtu ana haki ya kuuliza kwa nini tutumie mchana mzima kwa ugonjwa wa watu wachache, na huku malaria na kifua kikuu vinatugongea mlango kila siku. Jibu langu ni hili: uvimbe ninaokusudia mara nyingi huisha kwa upasuaji mmoja uliofanywa vizuri. Mgonjwa anayepotea kwa kawaida hapotei mezani. Hupotea kabla ya kufika huko, kwa kutibiwa ugonjwa mwingine, au hupotea miaka mingi baadaye, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumwangalia tena. Sehemu hizo mbili za safari zinapita hapa, kwenye zahanati zetu na nyumbani kwetu, na ndizo nitakazokaa nazo zaidi.

Tuanze na kifua chenyewe. Kila pafu limevishwa utando mwembamba, na ukuta wa kifua kwa ndani umetandikwa utando wa pili ulioshikamana na ule wa kwanza pale mirija na mishipa inapoingia. Kati ya tabaka hizo mbili kuna maji kidogo sana, hayazidi vijiko vichache vya chai, nayo hulifanya pafu liteleze bila kukwaruzika kila tunapovuta pumzi. Saratani nyingi zinazokutwa kwenye utando huo ni wageni: zimetoka kwenye titi, kwenye pafu au kwenye kiungo kingine. Uvimbe ulioanzia kwenye utando wenyewe ni nadra, nao una sura mbili ambazo lazima tuzitofautishe, maana tiba ya mmoja ikipewa mwingine ni madhara matupu.

Mwaka 1931 wataalamu wawili wa New York, Paul Klemperer na Coleman Rabin, walizitenga sura hizo. Kuna uvimbe unaotandaa juu ya utando wote na kulibana pafu pande zote. Huo leo tunauita mesothelioma. Na kuna uvimbe unaokaa mahali pamoja, mgumu, wenye mipaka, uliojaa nyuzi. Huu wa pili ndio uvimbe wa nyuzi wa utando wa mapafu. Kwa miaka mingi ulidhaniwa kuwa ndugu mdogo wa mesothelioma, lakini sivyo. Hauoti kwenye uso wa utando. Unaota kwenye nyama iliyo chini yake, na mwaka 2013 watafiti walionyesha chanzo chake: jeni mbili za kromosomu ya 12, NAB2 na STAT6, zimevunjika na kuungana vibaya. Tangu hapo maabara ya patholojia ina rangi maalumu ya kuitafuta protini ya STAT6 kwenye kipande cha nyama, na jibu lake ni la kuaminika sana. Uvimbe huu hausababishwi na sigara wala na vumbi lolote tunalolijua. Naambiwa Mbinga watu wanaulizana kuhusu vumbi la makaa ya mawe ya Ngaka na malori yake, na upande wa Namtumbo kuhusu tumbaku. Vumbi la makaa lina maradhi yake ya mapafu, na tumbaku ina yake, mazito kabisa. Uvimbe wa nyuzi haumo katika orodha hizo. Aliyeupata asijilaumu, wala familia isitafute mchawi.

Ni ugonjwa wa watu wazima, hasa wa umri wa miaka 50 hadi 70, wanaume kwa wanawake sawasawa. Katika kila uvimbe 10 wa namna hii, 8 au 9 hauna tabia ya saratani. Mara nyingi, kama 8 katika 10, umeshika utando uliovaa pafu, na uliobaki umeshika utando wa ukuta wa kifua. Mwingine unaning'inia kama parachichi kwenye kikonyo chake. Mwingine umekaa kwa kitako kipana. Wekeni tofauti hiyo akilini, tutaihitaji tukifika kwenye kurudi kwa uvimbe.

Unakua polepole, na karibu nusu ya wenye nao hawasikii chochote. Ndipo siku moja unaonekana kwenye picha ya kifua iliyopigwa kwa sababu nyingine. Wengine hukohoa kikavu, huhema, au husikia uzito upande mmoja. Mama anayepanda vilima vya Umatengo na jembe begani kwenda kulima ngoro ataligundua tatizo la pumzi mapema kuliko mtu anayefanya kazi amekaa, na akilisema asiambiwe ni uzee. Kuna dalili mbili ngeni zinazostahili kukaririwa na kila mganga. Ya kwanza ni ncha za vidole kuvimba, kucha kujikunja, na viungo vya mikono na miguu kuuma. Ya pili ni sukari kushuka. Mwaka 1930 madaktari wawili wa Marekani, Karl Doege na Roy Potter, kila mmoja kwa wakati wake, waliandika juu ya wagonjwa wa namna hii, na hadi leo hali hiyo inabeba majina yao. Uvimbe mkubwa hutoa kichocheo kinachofanya kazi kama insulini, na mgonjwa huamka alfajiri akitokwa jasho, akichanganyikiwa, pengine akipoteza fahamu. Humpata chini ya mgonjwa 1 kati ya 20. Lakini fikirini mzee wa Kihagara anayeanguka alfajiri kabla ya kula, mara moja, mara mbili. Majirani watasema kifafa, au watasema ametupiwa jambo. Kipimo cha sukari cha kidoleni kipo hata kwenye zahanati nyingi. Mtu mzima asiye na kisukari, asiyetumia dawa za kisukari, ambaye sukari yake inashuka mara kwa mara akiwa na njaa, apigwe picha ya kifua. Uvimbe ukitolewa, sukari hurudi mahali pake.

Sasa nifike kwenye kifua kikuu, na hapa naomba uvumilivu wenu, kwa sababu ndipo wagonjwa wetu wanapopotea.

Mkoani kwetu, mtu akikohoa wiki mbili tunafikiria kifua kikuu, na tunafanya sawa kabisa. Maji kwenye kifua, mara nyingi, ni kifua kikuu. Tatizo linaanza pale makohozi yanapokuwa safi, picha inaonyesha weupe chini ya pafu la upande mmoja, na mgonjwa anaanzishiwa dawa za miezi sita kwa kukisia. Weupe ule unaweza kuwa maji, na unaweza kuwa kitu kigumu chenye ukubwa wa kichwa cha mtoto. Picha ya kifua peke yake haiwezi kukuhakikishia. Mganga anapoingiza sindano kuvuta maji na kisitoke kitu, au ikatoka damu, asihamishe sindano kutafuta mahali pengine. Sindano kavu ni jibu. Inasema: acha, peleka ultrasaundi. Ultrasaundi ipo hospitali ya Litembo, ipo hospitali ya Peramiho, ipo kwenye hospitali zetu za wilaya, na kwa dakika chache itatofautisha maji na nyama. Mishipa ya damu ya uvimbe huu ni mingi, na kuutobolea hovyo kunaweza kumwaga damu kifuani.

Kuna kisa cha kweli katika historia ya tiba ambacho ningependa kila mtumishi wa kitengo cha kifua kikuu akijue. Katika miaka ya 1950, daktari Sleggs alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya kifua kikuu huko Kimberley, Afrika Kusini. Aliona jambo lisilomwingia akilini. Wagonjwa wa utando wa mapafu waliotoka upande mmoja wa nchi walikuwa wakipona kwa dawa za kifua kikuu, na wale waliotoka upande wa magharibi walikuwa hawaponi. Angeweza kusema hawamezi dawa. Badala yake alimwita daktari wa upasuaji wa kifua, Marchand, achukue vipande vya nyama, na vipande vikafika kwa mtaalamu wa patholojia, J. C. Wagner. Kule magharibi ndiko kulikokuwa na migodi ya asbesto ya buluu ya Cape. Mwaka 1960 watatu hao walichapisha habari za wagonjwa 33 wa mesothelioma, na isipokuwa mmoja, wote walikuwa wameguswa na asbesto. Wengine hawakuwahi kufanya kazi mgodini. Walicheza utotoni karibu na malundo ya taka zake. Uhusiano wa asbesto na mesothelioma ulijulikana duniani kwa sababu mganga mmoja wa kifua kikuu alikataa kuendelea kutoa dawa isiyofanya kazi. Nami nasema kwa waganga wa hapa: mgonjwa wa "kifua kikuu cha kukisia" ambaye miezi miwili ya dawa haijambadilisha, au picha yake ya pili ni ileile, asimalize miezi sita mikononi mwenu bila mtu mwingine kumtazama.

Kwa kuwa tumefika kwenye asbesto, nimalize habari ya mesothelioma ili tuiache. Kati ya nyuzi za asbesto kuingia kifuani na ugonjwa kutokea hupita miaka 20 hadi 50 au zaidi. Wazee wa pande zote mbili za Ziwa Nyasa wanalikumbuka jina la Wenela, wakala aliyewachukua vijana wa Nyasaland na wa kusini mwa Tanganyika kwenda migodi ya Afrika Kusini. Wengi wao walikwenda kwenye dhahabu, na vumbi lililowaumiza lilikuwa la mawe; wakarudi na mapafu magumu na kifua kikuu. Lakini kusini huko kulikuwa pia na migodi ya asbesto, Rhodesia kama ilivyokuwa Cape. Ndiyo maana swali la "Baba, ulipokuwa kijana ulifanya kazi wapi?" ni sehemu ya uchunguzi, na jibu lake liandikwe. Leo hatari yetu ipo juu ya vichwa: mapaa ya asbesto kwenye majengo ya zamani. Paa zima lisilopasuka halimdhuru aliye chini yake kwa kiasi cha kutisha. Kinachodhuru ni kulivunja kwa nyundo, kulikata kwa msumeno na kupeana vipande vya kujengea vyoo na mabanda. Fundi anayelivunja bila kinga leo anaweza kuugua akiwa babu.

Kuhusu kuipasua mesothelioma, nitasema wazi. Uvimbe uliotandaa hauwezi kutolewa wote kwa kisu. Daktari hata akikwangua utando wote au kulitoa pafu zima na utando wake, chembe hubaki, na ugonjwa hurudi. Uingereza walifanya jaribio kubwa, lililochapishwa mwaka 2024, la wagonjwa 335. Waliopewa dawa za saratani pamoja na upasuaji mkubwa wa kukwangua utando waliishi, kwa wastani wa kati, miezi 19.3, waliopewa dawa bila upasuaji waliishi miezi 24.8, na madhara ya hao wa pili yalikuwa machache zaidi. Kwa hiyo mtu akija kwenu na ushauri wa kuuza shamba la kahawa ili mzee mwenye mesothelioma akapasuliwe ng'ambo, mwambieni asiuze. Pesa hizo zimsaidie mgonjwa kufika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road kwa dawa na kuondolewa maumivu, na kukaushiwa maji ya kifua ili apumue vizuri. Heshima ya tiba hiyo ni kubwa, hata kama haiponyi.

Uvimbe wa nyuzi ni habari nyingine kabisa. Kwa huu, kisu ndicho dawa.

Mgonjwa hupimwa kwanza kwa mashine ya CT, inayoonyesha uvimbe umeshika wapi, unabana nini na unalishwa na mishipa ipi. Kisha aende kwa madaktari wa upasuaji wa kifua, ambao nchini kwetu ni wachache: Muhimbili na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, Bugando, Mwanza, na hospitali nyingine chache za kanda na taifa. Najua maana yake kwa mtu wa Mbamba Bay. Barabara ya lami hadi Mbinga imepunguza mateso, lakini hadi Dar es Salaam bado ni zaidi ya kilomita 1,000, na hapo hujahesabu chakula na malazi ya anayemsindikiza. Hata hivyo nasimama kwenye neno hili: upasuaji huu usifanywe karibu na nyumbani kwa sababu tu ni karibu. Unahitaji mtu wa nusukaputi anayeweza kulilaza pafu moja na kuendesha lingine, damu iliyoandaliwa chupa kadhaa, na chumba cha uangalizi maalumu. Uvimbe mkubwa unaweza kuwa na kilo kadhaa na mishipa inayotoka kwenye ukuta wa kifua na kiwambo, na hiyo ndiyo inayomwaga damu ghafla.

Mezani, daktari hupasua ubavuni na kupita katikati ya mbavu. Uvimbe mdogo wenye kikonyo unaweza kutolewa kwa matundu madogo na kamera, ukitiwa ndani ya mfuko kabla ya kuvutwa nje ili chembe zisidondoke kwenye kidonda. Uvimbe wa kikonyo hukatwa pamoja na ukingo wa sentimita moja au mbili wa pafu lisilo na ugonjwa. Wenye kitako kipana unaweza kudai kutolewa kwa moja ya sehemu kuu za pafu, na ulioshika ukuta wa kifua unaweza kudai utando wa hapo, pengine na kipande cha ubavu. Lengo ni moja: utoke wote, bila kupasuka, ukiwa umezungukwa na nyama safi. Mwaka 1989 mtafiti aitwaye England na wenzake, waliochunguza uvimbe wa namna hii 223 uliokusanywa Marekani, waliona kwamba hata katika ule wenye tabia ya saratani, kilichoamua hatima ya mgonjwa kuliko kitu kingine ni kama ulitolewa wote. Karibu nusu ya wagonjwa hao wa saratani walipona kwa kukatwa tu.

Baada ya upasuaji mgonjwa huwa na mpira ubavuni, unaotoa hewa na damu hadi kwenye chupa yenye maji, kwa siku chache. Anatakiwa aketi, akohoe ameshika mto kifuani, atembee. Mnaouguza nyumbani, msimlaze kwa huruma. Pafu lililolala halijai. Maumivu ya ubavu yanaweza kudumu wiki nyingi, naye apewe dawa bila kuambiwa avumilie.

Na sasa kurudi kwa uvimbe. Mwaka 2002 Marc de Perrot na wenzake walikusanya taarifa za nchi mbalimbali wakazipanga kwa mambo mawili: uvimbe ulikuwa na kikonyo au kitako, na chini ya hadubini ulikuwa na tabia ya saratani au haukuwa nayo. Usio na saratani wenye kikonyo ulirudi kwa wagonjwa 2 kati ya 100. Usio na saratani wenye kitako, 8. Wenye saratani na kikonyo, 14. Wenye saratani na kitako, 63. Kutoka 2 hadi 63 ni umbali mkubwa, na ugonjwa ni uleule kwa jina. Baadaye wataalamu waliongeza vipimo vingine: umri wa miaka 55 na zaidi, ukubwa wa uvimbe, kasi ya chembe kugawanyika na sehemu za nyama iliyokufa ndani yake. Mgonjwa anayeambiwa "umepona, nenda nyumbani" bila kuambiwa yumo kundi gani hajamaliza kutibiwa.

Wenye saratani na kitako, ukirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka miwili. Lakini uvimbe wa nyuzi una tabia ya kukaa kimya. Kuna waliorudiwa baada ya miaka 10, na wapo waliozidi hapo. Hurudi kwenye kovu la zamani, au sehemu nyingine ya utando uleule, na safari nyingine ule uliokuwa mpole hurudi mkali. Habari njema ni kwamba ukigunduliwa ukiwa mdogo na uko mahali pamoja, hukatwa tena, na mgonjwa anaweza kuishi miaka mingi baada ya kisu cha pili. Dawa za saratani na mionzi husaidia kidogo kwa ugonjwa huu; hazichukui nafasi ya kisu. Kwa hiyo kinachomwokoa aliyerudiwa ni picha iliyopigwa kabla hajaanza kuhema. Ushauri unaofuatwa na wengi ni picha ya CT kila miezi sita kwa miaka miwili ya kwanza, kisha kila mwaka. Aliye na uvimbe mpole wa kikonyo anaweza kupunguziwa, kwa uamuzi wa daktari wake. Pale CT haipatikani, picha ya kawaida ya kifua kila mwaka, ikilinganishwa na ya mwaka uliopita, ni bora mara nyingi kuliko kutopiga kabisa.

Yote haya yanasimama juu ya karatasi moja: majibu ya patholojia. Bila hayo hakuna kundi, hakuna ratiba, na daktari atakayempokea mgonjwa miaka 12 baadaye atakuwa anaanza upya. Afrika Mashariki ina historia ya kujivunia hapa. Miaka ya 1960 Profesa Michael Hutt wa Makerere alizipa hospitali za mikoani Uganda huduma ya bure: mganga wa misheni anakata kipande, anakitia kwenye chupa ya formalini, anakituma kwa posta hadi hospitali ya Mulago, na jibu linarudi kwa posta. Kabla yake kidogo, mwaka 1961, daktari Denis Burkitt alitoka Kampala na wenzake wawili kwa gari, wakapita Tanganyika na kushuka kusini hadi Afrika Kusini, safari ya wiki 10 na maili 10,000 hivi, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama wamewahi kuona watoto wenye uvimbe wa taya. Saratani ile inayobeba jina lake ilichorwa kwenye ramani kwa kumbukumbu na kauli za waganga wa hospitali ndogo. Uvimbe adimu haujulikani kwa hospitali kubwa peke yake. Unajulikana pale ambapo hospitali ndogo zimeandika.

Kwa hiyo haikubaliki kwamba kifua kinapasuliwa, uvimbe unatolewa, na kinachotoka kinatupwa, au kinapelekwa maabara na jibu linabaki kwenye droo. Ndugu wa mgonjwa ana haki ya kuuliza mambo haya kabla ya kuondoka wodini: Kilichotolewa kimetumwa kupimwa? Jibu litatoka lini? Kingo zilikuwa safi? Uvimbe ulikuwa na kikonyo au kitako? Turudi lini? Mtu asione haya kuuliza kwa sababu daktari ana haraka. Na sisi waganga tuyaandike majibu hayo kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, kwenye karatasi atakayoondoka nayo.

Nina pendekezo kuhusu tarehe. Kliniki zetu hupanga marudio kwa kuhesabu miezi kwenye kalenda, na mgonjwa wa Mbinga anaangukia Februari, wakati mvua ni kubwa, shamba linadai palizi na mfukoni hamna kitu. Haji, naye anaandikwa "mtoro". Kahawa huvunwa kuanzia katikati ya mwaka, na pesa huja baada ya hapo. Marudio ya kila mwaka yawekwe msimu ambao familia ina nauli. Kwa mvuvi wa usipa wa Liuli au Lundu, aulizwe yeye. Jambo hili haliigharimu wizara hata shilingi moja, na nina hakika litawarudisha kliniki wengi kuliko barua za onyo. Vilevile picha ya mwaka si lazima ipigwe Dar es Salaam. Ipigwe hapa au Songea, itumwe kwa simu kwa daktari aliyepasua, na mgonjwa asafiri pale tu picha inapobadilika.

Namalizia na ombi kwa pande mbili. Kila aliyepo hapa ambaye yeye, mzazi wake au jirani yake amewahi kupasuliwa kifua, leo jioni aitafute karatasi ya hospitali. Ikipatikana, itiwe kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya bima, na mtu mmoja zaidi nyumbani ajue ilipo. Kama haipo, tafuteni namba ya faili na muiombe nakala hospitali ileile. Na ninyi wauguzi na waganga wafawidhi wa zahanati, fungueni daftari moja la waliopasuliwa kifua katika vijiji vyenu: jina, mwaka wa upasuaji, hospitali, jibu la patholojia, tarehe ya picha ijayo. Huenda daftari zima litakuwa na majina mawili au matatu. Lifungueni Jumatatu.